Gudulia la Watu wa Juzi

Rafu ilikuwa tupu. Juu yake palibakia gunia lililokunjwa mara nne, alama nyeusi ya duara, na kadi nyeupe iliyopigwa chapa: "Gudulia la kale. Limepatikana Uroa." Kadi ipo, gudulia halipo.

Inspekta Mabrouk aliisoma kadi ile mara mbili, akaigeuza nyuma, akairudisha mahali pake. Alikuwa mtu asiyejua kutulia. Akisimama hubadilisha mguu, akikaa kiti humwasha, na asubuhi ile ya Ijumaa, Machi 1954, joto la kabla ya masika likiwa limeukaba mji, aliizunguka ghala nzima ya vitu vya kale kabla Sajini Kurwa hajamaliza kumpigia saluti.

"Kufuli limevunjwa?"

"Halikuvunjwa, Afande."

"Dirisha?"

"Lina nondo. Zote zipo."

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Mmoja anao Bwana Vigae. Wa pili anao mlinzi, Simai." Sajini akakohoa kidogo. "Mtu wa Kiwengwa."

Neno hilo la mwisho alilitamka kwa namna ya mtu anayefunga faili. Na kwa mji mzima, kuanzia mtaa wa Malindi mpaka Vikokotoni, faili lilikuwa limefungwa kweli.

Lazima nieleze, maana asiyeujua ushindani wa Kiwengwa na Uroa atadhani watu wamepatwa na wazimu. Vijiji hivi viko pwani moja, ya mashariki. Wameoana, wamezikana, wamekopeshana nyavu tangu enzi za mababu. Kisha akaja Mzungu mmoja wa serikali na chekeche na brashi. Jina lake lilikuwa refu la kuvunja ulimi, kwa hiyo watu walimwita Bwana Vigae, kwa sababu kila kigae alichokiokota alikisugua na kukitazama juani mpaka chakula chake kikapoa.

Bwana Vigae alichimba Kiwengwa akapata ukuta wa msikiti wa mawe. Basi hapo ndipo balaa lilipoanza. Watu wa Kiwengwa wakatembea vifua mbele, hata wasiojua msikiti ule uko wapi. Uroa wakasema hata kwao lipo birika la kale la kuwekea maji, akachimba, likapatikana. Kiwengwa wakatoa ushanga mmoja wa rangi ya samli. Wiki ya pili Uroa wakaleta shanga kumi na moja, na Bwana Vigae akazitazama kwa adabu, akasema tatu kati ya hizo ni za dukani Darajani. Katika gari la shamba abiria wakawa wanakaa upande upande, na utingo ndiye kadhi wao.

Ndipo Uroa wakapata gudulia. La kijani, refu la mkono mzima, lina masikio manne, na halina hata ufa. Aliyelitoa ardhini ni Mcha, msimamizi wa wachimbaji, mtu wa Uroa mwenyewe, tena mbele ya macho ya Bwana Vigae. Kiwengwa wakanyamaza miezi minne. Jumanne ijayo alikuwa anakuja mtaalamu kutoka ng'ambo kulikagua na kutaja umri wake, kisha litiwe kwenye kabati la kioo na jina la Uroa chini yake.

Sasa gudulia limeibwa, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu wa Kiwengwa. Mkubwa wa Mabrouk, Mwingereza asiyependa maneno mengi, alimpa mpaka Jumatatu asubuhi. Siku hiyo Simai afikishwe mahakamani.

Simai alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, kofia yake safi. Alikuwa amelinda ghala ile miaka kumi na tisa bila ya kukosa siku moja. Akihukumiwa, kazi imekwenda, na jina limekwenda pamoja nayo, na nyumbani kuna binti, Shemsa, ambaye hataposwa tena na mtu mwenye akili zake. Hayo aliyasema mwenyewe, taratibu, akitazama sakafu ya kituo.

"Nani aliingia ghalani jana?" Mabrouk aliuliza, amesimama.

"Hakuingia mtu."

"Uliondoka mlangoni?"

"Alasiri. Nlikwenda kusali."

"Ukamwachia nani?"

"Mcha."

"Mcha huyu wa Uroa?"

"Ndiye huyo. Alikuja mjini, akapita kunijulia hali. Tukapokezana. Nikasali mie, kisha akasali yeye. Ufunguo niliutundika msumarini kama siku zote."

"Nyinyi ni jamaa?"

"Tulitaka kuwa. Haikujaaliwa."

"Alikuwa na kitu mkononi?"

"Pakacha la nazi. Alisema za mtu wa hapa Mlandege, kamkosa. Akarudi nalo."

Sajini Kurwa alicheka puani. Nani aibe fahari yake mwenyewe? Mcha wakati ule alikuwa nje ya kituo, amekaa chini kwenye vumbi, kilemba mkononi, analia waziwazi bila ya kuona haya, na watu wa Uroa wamemzunguka wakimpa pole kama mfiwa. Ng'ambo ya njia walisimama watu wa Kiwengwa, wamekuja kumtetea mtu wao. Askari wawili waliwekwa katikati wasije wakashikana.

Mabrouk akaandika "pakacha la nazi" katika daftari lake, akafungua ukurasa mwingine. Hilo ndilo kosa lake, na sioni sababu ya kumfichia.

Mchana alirudi ghalani peke yake. Hakujua anatafuta nini, alijua tu kwamba kuna kitu kinamkera. Akalifunua lile gunia, akaliinamia. Akanusa. Akainuka upesi, akatazama mlangoni kama kuna mtu aliyemwona.

Ilikuwa harufu ya makumbi.

Mabrouk alizaliwa Bwejuu, pwani hiyo hiyo ya mashariki, na mama yake alimlea kwa kusokota kamba. Makumbi, yale maganda ya nje ya nazi, hufukiwa pwani, katika shimo la mchanga na tope, yakawekewa mawe juu yasichukuliwe na maji. Hukaa humo nusu mwaka na zaidi mpaka yaoze, ndipo yanapofukuliwa na kupondwa yakawa usumba, nyuzi za kusokotea kamba. Harufu yake haitoki. Inaingia katika nguo, katika nywele, katika wali. Alipoletwa mjini kusoma, watoto wenzake walishika pua akipita, wakampa na jina ambalo mpaka leo hapendi kulisikia. Sasa ana miaka arubaini, ana nyota begani, na harufu ile ilimtia aibu ile ile. Akajikasirikia.

Lakini gudulia lilitoka wapi? Akaenda kumwuliza Bwana Vigae. Lilitoka juu ya mwamba, nyuma ya kijiji, katika udongo mwekundu, mkavu, mbali na pwani. Na harufu je? Bwana Vigae akasema lilinuka tangu siku ya kwanza, naye alidhani hiyo ndiyo harufu ya ukale. Alikusudia kuliosha kwa maji ya moto mbele ya mtaalamu. Jambo hilo alikwisha mwambia kila mtu, na Mcha wa kwanza.

Usiku ule Mabrouk hakulala vizuri.

Jumamosi alikwenda kwa Tayabali, kwa sababu polisi wote huenda kwa Tayabali kitu cha kale kikipotea. Duka lake lilikuwa kichochoroni, limejaa masanduku ya njumu, saa zilizokufa na vitanda visivyo na miguu. Tayabali alisema kabla hajaulizwa kwamba yeye anauza vitu vikuukuu, si vitu vya wizi. Mabrouk akamweleza hilo gudulia: la kijani, masikio manne.

Tayabali akaelekeza kidole nyuma ya mlango. Palisimama gudulia la kijani, la masikio manne, limejaa miavuli na bakora.

"Hili nini?" Mabrouk aliuliza.

"Pacha wake. Yalikuwa mawili. Baba yangu aliyanunua mnadani."

"La pili liko wapi?"

"Nilimpa mtu wa shamba, mwaka juzi."

"Jina lake?"

"Sikumwuliza. Hakuwa na fedha. Tulibadilishana kwa kamba, mizigo miwili."

"Kamba zipo?"

Zilikuwapo, zimening'inia darini, hazijanunuliwa. Tayabali alilalamika kwamba mabaharia hawazitaki, wanasema zina nuksi. Mabrouk akavuta moja, akaichezea vidoleni. Akaona nuksi yenyewe. Kamba za pwani nzima husokotwa kwenda upande mmoja. Hii imesokotwa kinyume, tena si kwa bahati mbaya, mzigo mzima ni hivyo hivyo, mkono ule ule. Msokotaji wake ni wa shoto.

Alitoka akakaa kwa muuza kahawa, akaagiza kikombe, akaanza kuhesabu mambo kwa vidole. Hakufika kidole cha tatu. Aliruka kitini, kahawa ikabakia pale inatoa mvuke.

Pakacha la nazi! Watu huleta nazi mjini kutoka shamba. Ukimkosa mwenyewe, unaziacha kwa jirani, unaziuza sokoni, unampa rafiki yako mlinzi akapikie mchuzi. Nani katika kisiwa hiki anapakia nazi mjini kuzirudisha Uroa? Ni mtu ambaye ndani ya pakacha, chini ya nazi tatu za juu, ana kitu kingine.

Jumapili saa nne asubuhi Landrova ya polisi ilikuwa imekwisha ipita Chwaka. Mbele alikaa Mabrouk na dereva. Nyuma walikaa Sajini Kurwa, Bwana Vigae, na Simai mwenye pingu mkononi. Sajini aliuliza mahabusu wa Kiwengwa anapelekwa Uroa kufanya nini, wasije wakamla nyama. Mabrouk akajibu kwamba anataka asikie kwa masikio yake. Hakusema asikie nini, maana mwenyewe hajui bado.

Walipouliza Uroa ni nani anayesokota kamba kwa mkono wa kushoto, mtoto wa kwanza waliyemkuta aliwaonyesha nyumba. Kumbe ni nyumba ya Mcha. Mkewe, Bi Sichana, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta, kamba inamtoka viganjani, inakwenda kinyume.

"Shikamoo, Bi Sichana."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Polisi tena?"

"Kazi tu, mama. Mume wako yupo?"

"Kenda kuteka maji. Tangu Ijumaa hali, halali. Gudulia hilo limemmaliza."

Mabrouk akachuchumaa. Akampa kipande cha kamba kutoka kwa Tayabali. Bi Sichana akakipokea, akakinyoosha, na uso wake ukabadilika.

"Hii yangu. Umeipata wapi?"

"Mjini, dukani. Mizigo miwili."

"Mizigo yangu miwili niliambiwa imezama na ngalawa," alisema polepole. "Haya. Nnasikia. Endelea."

Mabrouk hakuendelea, bali alimwomba amwonyeshe shimo lake la makumbi. Bi Sichana akamtazama vizuri, akamwuliza mama yake mtu wa wapi. Alipoambiwa Bwejuu, akainuka, akajifunga kanga kiunoni.

Maji yalikuwa yamekupwa mbali kabisa. Pwani mashimo yalikuwa yamepangana, moja la huyu, moja la yule, kila moja na mawe yake juu. Mgeni ataona marundo ya mawe tu. Lakini kila mwanamke pale analijua rundo lake kama anavyolijua jiko lake, na shimo la mtu haliguswi. Unaweza ukaacha dhahabu mle nusu mwaka ukaikuta. Ndiyo maana mtu wa pwani akitaka kuficha kitu atafikiri shimo la makumbi kabla ya sanduku la chuma.

Bi Sichana alisimama ghafla hatua tano kabla ya kufika.

"Nani kagusa shimo langu?"

"Unajuaje, mama?"

"Jiwe langu kubwa halilali hivi. Mgongo wake una mwani. Sasa mwani uko chini, tumbo liko juu. Na haya madogo yametupwa tu." Akapiga ulimi. "Shimo hili kalifunga mwanamume."

Nyuma yao zikasikika hatua za mtu anayekimbia kwenye mchanga mbichi. Alikuwa Mcha, ndoo bado mkononi. Alipowaona wote wamesimama pale, na Simai na pingu zake, alipunguza mwendo, kisha akasimama kabisa. Ndoo akaiweka chini kwa uangalifu.

Sajini na dereva waliliondoa lile rundo la mawe, jiwe kubwa wakalisukuma wawili. Harufu ikapanda. Bwana Vigae akaziba pua. Mabrouk hakuziba. Chini ya tabaka la kwanza la makumbi likatokea sikio la kijani.

"Gudulia hili la nani, Bwana Mcha?"

"Langu."

"Ulilipata wapi?"

"Kwa Tayabali."

"Ukalifukia hapa?"

"Miezi minane. Lipate sura ya ukongwe. Kisha nikalipandisha mwambani, na Mzungu alipokuja kuchimba nikamwonyesha pa kuanzia."

Bwana Vigae alitoa sauti ndogo, akakaa juu ya jiwe.

"Alhamisi ukaliiba."

"Angeliliosha kwa maji ya moto. Uwongo ungetoka na harufu."

"Kwa nini hukulivunja ukatupa?"

"Nilinyanyua jiwe nikavunje. Mkono ukakataa." Mcha akafuta uso kwa kiganja. "Nshalizoea. Nshawaambia watoto ni la babu yao."

"Kwa nini yote haya?"

Mcha hakumtazama Inspekta. Alimtazama Simai.

"Muulize huyo," alisema. "Mwaka juzi nilipeleka posa kwake, Kiwengwa. Nilikwenda na watu wazima saba, na mwanangu. Namtaka Shemsa kwa kijana wangu. Akanijibu mbele ya watu. Akasema sie tuna msikiti wa mawe, nyie watu wa juzi, kaburi la babu wa babu yenu liko wapi? Wakacheka wote. Mwanangu amekaa mlangoni anasikia. Basi nikenda mjini kununua babu."

Hapakuwa na mtu aliyecheka. Simai alikuwa akitazama pingu zake.

"Nililisema," alisema mwishowe. "Nililisema kwa mzaha. Nilikuwa nimesikia habari za msikiti wiki ile ile, kichwa kimenivimba. Asubuhi nikasahau."

"Mie sikusahau."

"Na huyu akifungwa kwa ajili yako?" Mabrouk aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Miaka kumi na tisa ya kazi. Binti yake. Ulilifikiri hilo?"

"Silifikirii jingine. Ijumaa nilikuja kituoni nikaseme. Nikawakuta watu wangu wote wamekuja kunililia mie. Ulimi ukawa mzito. Jumamosi nikaja tena, hivyo hivyo." Akanyoosha mikono yote miwili. "Nifunge, Bwana Inspekta. Nimechoka."

Mabrouk alitoa ufunguo, akamfungua Simai. Pingu zikabakia mkononi mwake. Mashtaka yapo: kuchukua mali iliyo mikononi mwa serikali, kumwacha asiye na hatia ashikwe. Hakimu atayapima. Lakini mtu aliyejiibia gudulia lake mwenyewe hana pa kukimbilia, na pingu alizitia mfukoni. Alimwambia tu akakae garini. Mcha akenda, akakaa.

Sajini Kurwa, aliyekuwa akisuuza gudulia kwa maji ya dimbwi, alikumbushwa na Bi Sichana kwamba anamwaga tope juu ya jiwe lake. Akamwagia maji jiwe lile nalo, kwa adabu. Tope jeusi likateremka. Chini yake ikatokea mistari. Halafu mstari mmoja ukawa herufi, na nyingine, na pembeni nakshi iliyosukwa kama mkeka, imechongwa ndani ya jiwe kwa mkono wa fundi hasa.

Bwana Vigae alipiga magoti kwenye tope na suruali yake nyeupe. Hakusema umri wala jina la mfalme. Alisema tu kwamba tangu afike kisiwani hajapata kuona kitu kama hiki, si Kiwengwa, si popote, na akaomba asiguswe mtu. Alitaka kusema lisiguswe jiwe, lakini Kiswahili kilimponyoka.

"Jiwe hili limetoka wapi, mama?" Mabrouk aliuliza.

"Halikutoka popote. La hapa hapa. Alikuwa akifunikia mama mkwe wangu, na mama mkwe wake kabla yake. Sisi hulilaza mwani juu, tumbo chini. Wanaume hawaji huku, kunanuka."

Mcha alikuwa ameinuka garini. Usiku ule wa Alhamisi alilikumbatia jiwe lile kifuani, katika kiza, akaligeuza, akakimbia. Mabrouk alimwona anakaa tena na kujifunika uso kwa kilemba.

Bwana Vigae akamweleza Bi Sichana, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, kwamba serikali italichukua jiwe, italiweka mjini katika kioo, na jina la Uroa litaandikwa.

"Wachukue," alisema Bi Sichana. "Waandike watakavyo. Na makumbi yangu nitayafunikia nini? Maji yanakuja."

Na kweli maji yalikuwa yanakuja, utepe mweupe wa povu umekwisha anza kusogea kutoka mwamba wa baharini. Mabrouk alitazama huku na huku, akaanza kuvua viatu.

Lakini Simai alimtangulia. Alikunja suruali mpaka magotini, akaenda peke yake mpaka penye miamba, akachagua jiwe, akaliacha, akachagua jingine kubwa zaidi. Akarudi nalo limemwinamisha, mikono bado ina alama za pingu. Akaliweka juu ya shimo. Hakumtazama Mcha, wala hakusema neno la posa. Alisimama tu akingoja, kama mtu aliyebisha hodi.

Bi Sichana alilikagua jiwe, akalitikisa kwa mguu.

"Lisogeze juu kidogo. Hapo. Liache." Akafunga kanga yake upya. "Na usije kesho ukasema shimo hili la Kiwengwa."